Mpagazi Hana Mlango

Kiswahili kina vitenzi viwili kwa mtu anayekwenda kutazama mahali asipokaa: kuzuru na kutalii. Cha kwanza hakijaachana na makaburi. Mwenye kuzuru hutoa salamu kwa wasioweza kuijibu, husoma alichojaliwa kukisoma, huinama kidogo hata asipoambiwa ainame. Cha pili siku hizi kimekabidhiwa watu wa kofia pana na kamera, lakini nacho kilizaliwa na heshima yake. Asili yake ya Kiarabu ni kusoma kwa makini, kukipitia kitabu ukurasa baada ya ukurasa. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya jengo la kale katika mji mkubwa, lugha yenyewe humtaka achague: ama jengo ni kaburi, ama ni kitabu. Swali hili huonekana la wanafunzi wa sarufi mpaka aulizwe yule anayesimama pale ametoka wapi.

Na achukuliwe mtu wa Songwa. Songwa iko Kishapu, katika mkoa wa Shinyanga, jirani na machimbo ya almasi ya Mwadui. Nchi ya mbuga na migunga, ya pamba, mtama na ng'ombe, ambako macho huenda mbali bila ya kukwazwa na ukuta. Mtu huyu ni mzee wa makamo. Amefika Dar es Salaam kwa shughuli ya ukoo, shughuli imekwisha, na amebakiwa na siku moja kabla ya basi lake. Binti yake aliyeolewa mjini anamwambia, "Baba, nenda ukauone mji." Naye anakwenda, maana baba aliyeambiwa hivyo na mwanawe hana la kujibu.

Aanzie bandarini, kwenye Boma la Kale. Nyumba hii ilijengwa kiasi cha mwaka 1866, enzi za Sayyid Majid bin Said, sultani wa Unguja aliyeutaka mji wake mpya uwe bandari ya salama, akafariki mwaka 1870 kabla haujasimama sawasawa. Ilikuwa nyumba ya kuwapokea wageni wake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na mlango wake ni wa kuchongwa, wa fahari ile ile anayoijua kila msomaji wa visiwani. Mbele kidogo, kwa mwendo wa kutembea, yako majengo ya Wajerumani, waliouhamishia mji mkuu wao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891: kanisa la Kilutheri la Azania Front na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yaliyokamilika mwaka 1902, na hospitali ya Ocean Road iliyofunguliwa mwaka 1897. Ni majengo mazuri. Anayejilazimisha kuyaona mabaya kwa sababu ya waliyoyajenga anajinyima jicho bure, na jicho halikumkosea mtu.

Lakini mzee wa Songwa, akiwa mbele ya mlango wa Boma, ana jambo ambalo mtalii kutoka Ulaya hana. Milango hii ililipiwa na nini? Kwa sehemu kubwa ililipiwa na pembe za ndovu, na pembe hazikuwa na miguu. Zilitoka Unyanyembe na mbele yake, zikashuka pwani juu ya mabega ya watu walioitwa kwa jina moja Wanyamwezi, na ndani ya jina hilo walihesabiwa Wasukuma pia, ambao jina lao wenyewe lina maana ya watu wa kaskazini. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni kiasi cha kilomita 800, mwendo wa miezi miwili au mitatu kwa kutegemea maji, njaa na tozo za watemi waliokaa njiani. Pembe zikishatuliwa zilipanda majahazi na meli. Nyingine zilikwenda India kuwa bangili, nyingine zilifika hadi Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, Marekani, zikawa vipande vyeupe vya piano ambavyo wasichana wa watu walifundishwa kuvipiga. Mpagazi alikwisha kurudi kwao zamani, na doti zake za merikani begani.

Hapa pana jambo ambalo waongoza wageni wa pwani, kwa ujumla, hawalisemi. Hadithi ya majengo ya mwambao huhadithiwa kwa nafasi mbili tu, bwana na mtumwa. Utumwa ulikuwepo, na ukatili wake hauhitaji kutiwa chumvi. Penye kanisa kuu la Kianglikana pale Mkunazini palikuwa na soko la watu hadi lilipofungwa mwaka 1873. Ila wapagazi wa Kinyamwezi, kwa wingi wao, hawakuwa watumwa. Walikuwa vibarua. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, walidai posho yao kila siku, waligoma, walitoroka walipodhulumiwa, waliwachekesha na kuwasimanga mabwana wao kwa nyimbo. (Neno posho limesafiri mbali tangu siku zile: lilianza kuwa kibaba cha nafaka cha mtu aliyebeba frasila mbili, sasa ni haki ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha mkutano.) Mtu wa namna hii hana chumba katika hadithi ya vyumba viwili. Si mnyonge wa kuliliwa wala si tajiri wa kustaajabiwa. Alifanya kazi, akalipwa kidogo, akaenda zake. Akisahauliwa, hasahauliwi kwa chuki; anasahauliwa kwa sababu hakuna anayeona haya juu yake wala fahari juu yake, na kumbukumbu za miji hujengwa juu ya hayo mawili.

Mtu anaweza kubisha, tena kwa nguvu. Atasema kwamba ulimwengu mzima umejengwa na wasiotajwa. Hakuna anayeyajua majina ya waliosukuma mawe ya piramidi za Misri, wala ya waliochoma chokaa ya Gereza, na bado watu huzuru, hustaajabu, hurudi makwao bila ya dhambi. Kama kila mwenye kutazama ukuta atatakiwa kwanza awaombee waliouinua, basi hapatakuwa na mtu wa kutazama. Na zaidi: mpagazi alilipwa. Palipolipwa ujira deni limekwisha, na kulifufua baada ya miaka 150 ni kutafuta ugomvi na wafu.

Ubishi huu una kweli ndani yake, na si vyema kuupita mbio. Ni kweli kwamba ujira hufunga hesabu ya mali. Lakini haufungi hesabu nyingine, ile ya kutajwa. Fundi aliyeuchonga mlango alilipwa pia, na mlango humsema kila siku. Anayejua michoro humtambua kwa mkono wake hata kama jina limepotea. Mwashi amebaki ukutani. Mpagazi peke yake ndiye ambaye kazi yake, ilipokwisha, haikuacha alama mahali, maana kazi yake ilikuwa ni kukiondoa kitu mahali. Ukiitazama nyumba hutaona alipogusa. Kwa hiyo kumkumbuka kunahitaji tendo la hiari. Aliyejenga humlazimisha mwenye kutazama amuone, na aliyebeba hana uwezo huo.

Mji wa Dar es Salaam uliwahi kujaribu kumkumbuka mbebaji, na jaribio hilo linafaa kutazamwa kwa karibu. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, amesimama juu, na chini yake askari wa Kiafrika akimwinulia uso. Waingereza waliiondoa, ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922 mbele ya Chuo Kikuu, na huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza nao waliweka sanamu yao katikati ya mji, Sanamu ya Askari, iliyopo hadi leo kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora: mwanajeshi wa Kiafrika wa shaba, ameinamia bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Maneno ya chini yake yaliandikwa na Rudyard Kipling, mshairi aliyempoteza mwanawe wa kiume wa pekee katika vita hiyo hiyo mwaka 1915, na yamewekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari. Yanawataja pia wapagazi, ambao anawaita miguu na mikono ya jeshi.

Sifa ni nzuri, na aliyeiandika alijua uzito wa maneno. Lakini msomaji wa mashairi hawezi kukosa kuona kilichotokea. Miguu na mikono: kichwa kilikuwa cha mtu mwingine. Na katika shaba, askari ana mwili, mpagazi ana sentensi. Wenzao wa Nairobi, sanamu yao ilipozinduliwa mwaka 1928, angalau walipata mbebaji mmoja kati ya watu watatu. Dar es Salaam kuna mmoja tu, naye ana bunduki. Wabebaji waliokufa katika vita ile kwa kuhara, njaa na malaria walikuwa makumi ya maelfu, wengi mno kuliko askari walioanguka kwa risasi. Na pande zote zilikamata watu, Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walioingia Tabora mwaka 1916, hata bara ya Unyamwezi na Usukuma haikujua ilimpigania nani.

Kisha lugha ikafanya jambo ambalo serikali haikulikusudia. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kambi yao mjini ilikuwa pale Wajerumani walipokuwa wamejenga ukumbi ambao vita vilizuia usitumike. Watu hawakuweza kulitamka jina, au hawakutaka, wakalitia kinywani mwao wakalitafuna likawa Kariakoo. Vita ikaisha, kambi ikafungwa, soko likafunguliwa, mtaa ukaota kandokando yake, jina likabaki. Jengo kubwa la soko lililosimama tangu miaka ya 1970, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililiwa na moto mwezi Julai 2021. Jina halikuungua. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu ile ile. Hakuna mnara wa wapagazi katika Afrika Mashariki nzima unaoweza kushindana na haya majina mawili, na hayakugharimu hata senti ya bajeti.

Je, hiyo ni kumbukumbu? Mamia ya watu hulitaja Kariakoo kila dakika wakiwa na maana ya vitenge, simu na vyombo vya plastiki. Wachache mno husikia ndani yake hatua za waliobeba. Mtu anaweza kusema kwamba jina lililotumika hata likawa laini limekufa, na kwamba sanamu isiyosomwa na jina lisilosikika ni mamoja. Hapana, si mamoja. Sanamu isiyosomwa huhitaji mtu aje. Jina lisilosikika tayari limo kinywani, linasubiri tu siku ambayo mtoto atauliza, "Kwa nini panaitwa hivi?" Washairi wanaijua hali hiyo vizuri kuliko wanahistoria: neno la kale ndani ya utenzi hukaa miaka mia bila ya kueleweka, likilindwa na vina, mpaka apatikane wa kulifungua.

Na avushwe sasa mzee wa Songwa hadi Unguja, ingawa siku yake moja haitoshi; katika insha boti haina nauli. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa la kwanza mjini kuwashwa umeme na kuwa na lifti, na nguzo zake za chuma ziliagizwa ng'ambo. Siku ya 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Walikuwa kazini. Picha za jengo lililoanguka zilizunguka dunia siku ile ile, na maombolezo mengi, ya kweli, yalikuwa ya jengo. Hapo palikuwa na mizani ambayo kila mpenda mji wa kale alipaswa kuitazama bila ya kukwepa: ni dakika ngapi alizotoa kwa saa ya mnara, na ngapi kwa watu wawili.

Ila mzee naye asiachiwe hivi hivi, kana kwamba kutoka bara ni kuzaliwa hana hatia. Wapagazi wale wa hiari walitembea njia moja na watu waliofungwa, siku kwa siku, wakanywa kisima kimoja. Wako walioutumia ujira wao, waliporudi kwao, kununua watumwa wa kuwalimia mashamba wakati wao wamekwenda tena safari. Watemi walitajirika kwa pembe na tozo. Ndovu walikwisha. Kama majengo ya pwani ni kaburi, basi ufunguo wake mmoja uko Usukuma, na mwenye kudai ataje na alichonacho. Ziara ya haki ni ile inayomfanya mwenye kuzuru aulize juu ya nyumba yao kabla ya kuuliza juu ya hii.

Nyumba yao, basi. Nyumba ya asili ya Usukuma ni msonge: miti, udongo, nyasi. Nyasi hubadilishwa kila baada ya misimu michache, miti ikiliwa na mchwa nayo hubadilishwa, na baba akifariki pengine mji wote huhamishwa, likabaki hame na mti wa kuliashiria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 iliweka mpaka wake mwaka 1863: kilichojengwa kabla ya hapo ni kumbukumbu kwa nguvu ya umri wake, cha baadaye husubiri kutangazwa na waziri. Mpaka wowote ungekuwa na lawama zake. Lakini mpaka wa miaka, uwao wowote, husema kwamba ukale ni sifa ya mali ya ujenzi, na kwa kipimo hicho msonge hautafika kamwe, hata kama namna ya kuujenga ni ya kale kuliko mlango wowote wa Unguja. Wajapani wameliona jambo hili kwa jicho jingine. Hekalu lao la Ise huvunjwa na kujengwa upya kwa mbao mpya kila baada ya miaka 20, mara ya 62 ikiwa mwaka 2013, na hakuna Mjapani anayeliita jengo jipya. Wala pwani isijidanganye kwamba yake ni ya mawe. Nyumba ya matumbawe isiyopakwa chokaa na kubadilishwa boriti hurudi kuwa kifusi katika umri wa mtu mmoja. Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, unasimama kwa sababu kuna mafundi wanaoujenga kila siku, na familia zinazoishi ndani yake, ambazo nguo zao za kuanikwa huwaudhi wapiga picha.

Karibu na Songwa pako pia jengo la namna ya pekee, lililojengwa kinyumenyume. Ni shimo la Mwadui. Mkanada John Williamson aliligundua chimbuko la almasi mwaka 1940, moja ya machimbuko makubwa zaidi duniani, na tangu hapo mawe yanatolewa badala ya kupangwa. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Likakatwa, likawa moyo wa ua la kubandika kifuani. Ua hilo lina picha nyingi na historia iliyoandikwa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji vya jirani. Nyumba zile hazikuwa katika orodha yoyote ya majengo ya kuhifadhiwa, na nyingi hazikuwa na umri mkubwa. Lakini ndani ya kila moja palikuwa na mahali alipozaliwa mtu, na pengine nje yake kaburi la babu, ambalo mwanawe alikuwa akilizuru bila ya kulipa kiingilio.

Hayo yote mzee anaweza kuyafikiri, au asiyafikiri, akiwa amesimama ng'ambo ya barabara mbele ya Sanamu ya Askari saa tisa ya mchana. Magari yanazunguka bila ya kukatika. Maandishi yako upande wa pili, na kwa umri wake si busara kukimbia katikati ya magari kwa ajili ya kusoma. Anaitazama ile shaba kwa mbali, anaona singe, anaona kiatu. Kisha anakumbuka kwamba mjukuu aliagiza daftari na mkewe aliagiza kanga, na kondakta wa daladala anapita akipaza sauti, "Kariakoo! Kariakoo!" Anapanda. Huko, baada ya kununua, kijana mwenye mkokoteni anamwamkia, "Shikamoo mzee," anamtazama mfuko wake, anaukadiria uzito kwa macho tu, kisha anataja bei. Mzee anaitikia marahaba, anasema bei ni kubwa, na wanaanza kupatana.